Maksai Aliyezikwa Bila Kupasuliwa

Laini Nne, Kericho
Ijumaa, 6 Machi 1931

Kwako Gichana, mwana wa mama yangu,

Pokea salamu zangu, na za Ogeto mume wangu, na za mpwa wako Bilhah. Ameota jino la juu kabla ya la chini, na wanawake wa nyumba zote za wafanyakazi katika laini wamekuja kumfungua mdomo kama anayeuzwa sokoni. Mama ametuma neno kwamba goti limepoa. Usishangae kuona Kiswahili. Aliyenifunza kuandika alinifunza kwa lugha hiyo, na leo nina hasira ambayo haiwezi kungoja mtu wa kunisaidia.

Salamu zimekwisha, sasa sikiliza.

Krismasi ulipokuja hapa na buti zako mpya za kazi ya karantini ya ng'ombe, ulikaa katika kiti cha Ogeto ukatuhutubia mpaka ugali ukapoa. Ulisema uko ugonjwa unaoitwa kimeta. Ng'ombe hula vizuri asubuhi, jioni amekufa, na damu nyeusi inamtoka puani bila kuganda. Ulisema huyo hapasuliwi, haliwi, hachunwi, anazikwa mzima. Unamjua Ogeto, kila jambo hulijibu kwa "tutaona." Siku ile alisema, "Nimesikia."

Basi jana yule maksai wa mbele katika gari la kuni, tuliyemwita Karani kwa maringo yake, alianguka njiani kati ya msitu na kiwanda. Damu puani, nyeusi, kama ulivyosema. Ogeto ndiye anayeliendesha gari hilo. Kabla hajamfungua nira, wanaume walishafika na visu, maana hakuna aliyeonja nyama hapa tangu Krismasi. Ogeto alisimama juu ya maksai na kiboko mkononi, akasema, "Huyu hapasuliwi." Akachimba shimo refu yeye na rafiki yake Phelix Okello, yule mpakiaji wa lori, wakamzika mzima, na pale damu ilipodondoka wakawasha moto.

Gichana, umesahau watu wetu? Kwetu ng'ombe akifa ghafla hupasuliwa mbele ya macho ya wote, wazee wanatazama utumbo, na kila mtu anaondoka na kipande chake na moyo mweupe. Anayezika ng'ombe mzima ana jambo analoficha. Nyang'au, nyapara mkuu wetu, mzee wa kanisa na mtu wa kwetu kabisa, amekwenda kwa bwana wa shamba akasema Ogeto amemlisha maksai sumu, kwa kuwa mwezi uliopita alikatwa posho kwa kulalamika kwamba maksai wanabebeshwa kuni kupita kiasi. Na bwana ameamini! Amesema Jumapili baada ya ibada maksai atafukuliwa, na Ogeto atampasua kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, polisi.

Ogeto anasema hatampasua. Mimi namjua, atampasua kwa ajili yangu na mtoto, maana nyumba hii ni ya kazi.

Okello anakuja Londiani kesho na lori la chai. Barua hii nimempa akutie mkononi. Bwana wako daktari wa ng'ombe ana motokaa na ana simu, na neno lake moja linatosha. Wewe ndiwe uliyesema asipasuliwe, basi njoo useme kwa nini. Usituache tujibu maneno yako sisi.

Ni mimi dada yako, ambaye ng'ombe wa mahari yake wanakungoja uoe,
Yunia

*

Londiani, 12 Machi 1931

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na shemeji na mtoto. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, na chakula ni viazi asubuhi, viazi jioni. Kazi inaendelea vizuri. Siku hizi funguo za boma la ng'ombe wagonjwa ninashika mimi.

Barua yako ilinifikia ikiwa imechelewa. Nilipoisoma, Jumapili uliyoitaja ilikuwa imekwisha kupita. Barabara hizi za tope, nani atazilaumu? Bwana Daktari naye amesafiri. Nitamweleza akirudi.

Kama hawajamfukua, wazuie. Nakueleza tena sababu, maana Krismasi nadhani mlisikia nusu. Kimeta ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo vinataka hewa. Ng'ombe akiachwa mzima, tumboni mwake hewa inaisha, anaoza, na uozo ule unaviua. Ukimpasua, damu inakutana na hewa, na hapo kila kijidudu kinajivika ganda gumu kama mbegu. Mbegu hiyo inakaa udongoni miaka na miaka, jua haliiui, mvua haiiozeshi, mpaka ng'ombe mwingine aje ale nyasi za pale.

Wala usiilaumu hewa. Lundo la samadi analoligeuza Ogeto nyuma ya nyumba linatoa mvuke kwa sababu ndani yake wamo vijidudu wengine wanaovuta hewa kama sisi, na ndio wanaofanya mavi yawe mbolea. Asipoligeuza linanuka tu na kukaa vile vile. Hewa ni moja, wanaoipokea ni wengi, wema na wabaya.

Mwambie shemeji azungumze na bwana kwa adabu, asishindane.

Mambo ya mchumba wangu Elmina yanaendelea. Baba yake huko Sotik anataka ng'ombe wa mahari wafike kabla ya mvua kubwa. Baba mdogo atawaswaga kutoka nyumbani kupitia Chepilat.

Ndugu yako,
Gichana

*

Laini Nne, 20 Machi 1931

Gichana ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu. Mtoto hajambo. Mvua imeanza na chai inachipua kwa fujo.

Maelezo yako ya hewa nimeyasoma mara mbili. Yangekuja mapema ningeyasoma kwa sauti pale shimoni. Jumapili walimfukua. Bwana alisimama upande upepo unakotoka, kitambaa puani, akasema, "Wewe, pasua hii ng'ombe. Mimi nataka kuona sumu." Ogeto akamjibu, "Bwana, hii ni kimeta. Shemeji yangu wa karantini alisema." Bwana akageuka kushoto na kulia, akauliza, "Iko wapi huyo shemeji?" Watu wakacheka. Walicheka, Gichana! Watu waliokula kwangu.

Ogeto akapasua. Wengu lilikuwa limevimba, jeusi, laini kama tope. Nyang'au akapiga kelele, "Ndiyo hiyo sumu!" Bwana akatikisa kichwa akaenda zake kunywa chai. Na sasa nieleze wewe uliyesoma, maana mimi nimeshindwa. Wamekwisha kusema ni sumu, na bado wakaigawana nyama! Nyang'au aliwaambia sumu yote imekaa kwenye wengu, likitupwa hilo nyama ni safi. Yeye mwenyewe hakula, alisema mzee wa kanisa hali mnyama asiyechinjwa. Lakini ngozi aliichukua, akaitupia begani mbichi vile vile, akaenda nayo nyumbani kuifanya ya kulalia.

Waliokula wakaumwa matumbo. Bibi Jerusa, aliyekuwa akinilelea Bilhah nikienda kuteka maji, alikufa Jumatano. Watoto wawili bado wamelala. Laini yote sasa inasema, "Si tuliwaambia? Ni sumu ya Ogeto." Aliyewakataza kula ndiye anayeitwa muuaji, na aliyewagawia anaongoza maombi ya wagonjwa.

Ogeto ana kidonda mkononi, pale kamba ilipomchubua siku ya kufukua. Kilianza kama kipele cha kuumwa na mbu. Sasa kina malengelenge pembeni na katikati ni cheusi kama mkaa. Mkono umevimba mpaka begani. Hakimuumi, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu wa dawa wa shamba amepaka ayodini. Tumeomba ruhusa twende hospitali Kericho, bwana anasema mtu aliyeua maksai hana ruhusa.

Jibu upesi, nifanye nini?

Yunia

*

Londiani, 2 Aprili 1931

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimehuzunika kusikia habari za Bibi Jerusa na za mkono wa shemeji.

Kidonda hicho kisikatwe wala kukamuliwa. Mpeleke hospitali hata bila ruhusa, wanayo dawa ya sindano. Ukifika sema ameambukizwa na ng'ombe mgonjwa, watajua.

Lakini nakusihi jambo moja. Neno kimeta usilitangaze sana kwa sasa. Likifika serikalini njia zote za ng'ombe zitafungwa, Kericho mpaka Sotik, na watu maskini watateseka. Mambo haya yana wakati wake.

Ng'ombe wetu walivuka Chepilat salama wiki iliyopita. Baba yake Elmina amewapokea na ameridhika. Harusi ni mwezi wa tano.

Mungu awe nanyi.
Gichana

*

Laini Nne, 9 Aprili 1931

Gichana,

Leo sina salamu.

Ogeto alikufa kabla barua yako haijafika. Mwishoni alishindwa kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeamua kumpeleka Kericho kwa machela bila ruhusa ya mtu, Okello hayupo kunisaidia, wanaume wengine wakasema hawabebi mtu wa sumu. Wanawake wawili walikubali. Hatukufika hata darajani.

Bwana ameandika "homa." Nyang'au alikataa kumwombea, akasema kanisa halizikani na wauaji. Nimemzika mwenyewe pamoja na wale wanawake wawili, ukingoni mwa shamba.

Ndugu zake Ogeto wametuma neno kutoka nyumbani. Wanasema mke wa mtu aliyewaua watu kwa sumu asiwaletee laana ya watu hao, na mtoto abaki alikozaliwa. Mtoto wao wa damu! Nimeandikwa kuchuma chai ili nisitolewe nyumba, na wanawake wananipisha njia kama nina ukoma. Bilhah akigusa chungu cha mtu, chungu kinaoshwa kwa majivu.

Sikuombi kanga wala pole. Nataka uje Laini Nne, usimame mbele ya watu hawa, useme kwa mdomo wako kwamba ilikuwa kimeta, kwamba ni wewe uliyemwambia Ogeto amzike maksai mzima, na kwamba alikuwa sahihi. Hakuna mwingine anayeweza kulisema hilo likaaminika. Jina lake limefukiwa pamoja naye na mwenye jembe ni wewe.

Na jingine. Pale walipompasulia maksai, nyasi zimeota nzuri kuliko popote. Bwana anapanga kupafanya malisho ya ndama.

Yunia

*

Londiani, 28 Mei 1931

Dada yangu mpendwa,

Samahani kwa kimya kirefu. Msiba wako ni wangu. Harusi ilikuwa imekwisha kupangwa, sikuweza kuisogeza, na baada yake kazi ikanibana. Elmina anakusalimu sana. Amekutumia kitambaa cha kichwa cheusi, kizuri.

Sasa nina habari njema. Nilimweleza Bwana Daktari. Alimtuma mtu kuchota udongo wa pale shimoni, naamini ulimwona. Umepimwa kwa darubini, na wamemdunga panya wa maabara, panya akafa. Ni kimeta kweli. Pamoja na barua hii ipo nakala ya karatasi ya serikali yenye muhuri. Inamwamuru bwana wenu azungushie ua mahali pale, amwage chokaa, na asilishe mnyama wowote.

Unaona kwamba sikukaa bure. Natumaini sasa moyo wako umepoa.

Ndugu yako,
Gichana

*

Laini Nne, 16 Julai 1931

Gichana,

Mtoto hajambo. Mama hajambo. Mimi, hakuna ajuaye nilivyo, na wewe ndiwe wa mwisho kujua.

Karatasi yako nimeisoma kwa watu. Niliisoma kisimani, nikaisoma mlangoni mwa kanisa. Unajua waliniambia nini? Mmoja akasema, "Hiyo inasema juu ya udongo." Mwingine akasema, "Hata mchawi anaweza kuweka sumu kwenye ng'ombe mgonjwa." Na wana haki. Karatasi yako inataja maksai, inataja shimo, inataja chokaa, hata panya wako ametajwa. Ogeto hakutajwa popote. Mnyama wa maabara amepata mstari wake katika barua ya serikali, mume wangu hakupata hata neno.

Ningeishia hapo. Lakini Okello amerudi.

Ile Jumamosi alipokwenda na lori, walimwacha Londiani kulinda masanduku ya chai stesheni, wakamweka huko miezi hii yote, ndiyo maana hakuwepo kunisaidia kubeba machela. Amerudi Jumatatu. Alilia kaburini, kisha akaja kukaa kwangu, akaniuliza, "Kwani huyo ndugu yako alisema nini siku hiyo? Mimi nilimpa barua mkononi, saa sita ya mchana, Jumamosi."

Nikamwambia amekosea. Akasema hakukosea. Akasema ulikuwa umesimama kwenye lango la boma, ukaisoma barua papo hapo mpaka mwisho, ukaikunja ukaitia mfukoni. Akakuambia dereva anarudi Kericho jioni ile ile, kama kuna jibu atalichukua. Ukamwambia, "Hakuna jibu. Nitaandika."

Jumamosi, Gichana! Maksai alikuwa bado mzima ardhini. Simu ilikuwa hapo ofisini. Lori lilikuwa hapo. Ukaniandikia baada ya Jumapili kupita, ukalaumu tope!

Nilikaa nikajiuliza kwa nini, maana hukuwahi kuwa mtu mbaya. Kisha nikatoa barua zako nikazipanga, nikakuona. "Njia zote za ng'ombe zitafungwa, Kericho mpaka Sotik." "Ng'ombe wetu walivuka Chepilat salama." Ungelisema neno kimeta ile Jumamosi, Chepilat ingefungwa, baba yake Elmina angekosa subira, na wewe ungekosa mke. Kwa hiyo ulinyamaza mpaka kwato za mwisho zikavuka. Halafu ndipo ukamkumbuka Bwana Daktari na panya wake.

Na ng'ombe wale ni wa nani? Si wa baba. Ni wale aliowaleta Ogeto kwa ajili yangu. Aliwatafuta miaka mingi, akiendesha gari la kuni kwenye mvua ya Kericho. Uliwaswaga ng'ombe wa Ogeto wakakuolee mke, huku Ogeto mkono unamwoza kwa kutii maneno yako. Hata mwizi huchagua zizi la mtu asiyemjua!

Uliniambia kijidudu kile kikikosa hewa kinakufa. Ukadhani na hili ukilifunika litakufa hivyo hivyo. Mimi nimelipasua, na limepata hewa.

Sasa nakuagiza, sikuombi. Utakuja. Utasema. Na ukija, jambo moja ulijue: Nyang'au anavaa koti hata juani. Mkewe ameniambia kwamba baada ya kubeba ile ngozi alitokwa na kidonda cheusi begani, hakikuuma, akakificha, kikapona kwa dawa za kienyeji. Aliyekula nyama si yeye, alibeba ngozi tu. Wewe uliyesoma utajua la kufanya na habari hiyo.

Kitambaa cha Elmina nakirudisha. Yeye hana kosa, lakini sitajifunika kwa kitu kilichonunuliwa na kimya chako.

Yunia

*

Londiani, 27 Julai 1931

Dada,

Nakuja Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Nimewaandikia ndugu zake Ogeto waje pia.

Mengine siwezi kuyaandika.

Elmina ana mimba. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Gichana

*

Laini Nne, 12 Agosti 1931

Gichana, mwana wa mama yangu,

Natumaini ulifika salama. Bilhah anaulizia yule mjomba wa buti. Mvua ya mawe imepiga sehemu ya chai upande wa mto, leo tumechuma majani yenye matundu. Ndugu zake Ogeto walilala kwangu usiku ule wakala, na walipoondoka mkubwa wao alimbeba Bilhah mpaka njia panda. Tutahamia kwao baada ya mavuno. Hayo ni mema, na yametoka mdomoni mwako, sitakunyima haki yako.

Ulisema vizuri pale kanisani. Hata mimi niliyekuja na hasira nilisikiliza. Ulipowaeleza kwamba maksai mzima ni gereza na maksai aliyepasuliwa ni mlango wazi, niliwaona wazee wakiinamisha vichwa. Na ulipomgeukia Nyang'au ukasema, "Mzee, toa koti," alilishika koti kwa mikono miwili. Alikataa. Mkewe ndiye aliyemvuta mkono wa koti, na lile kovu likaonekana na kila mtu. Ukasema, "Sumu inamwumiza anayekula. Huyu hakula. Alibeba ngozi tu, akapata kidonda kile kile cha Ogeto." Nilimwona mtoto wa Bibi Jerusa akikaa chini kama aliyepigwa. Baadaye alikuja akanishika mikono yote miwili. Ngozi ikachomwa. Wakaenda kaburini wakamwimbia Ogeto wimbo ambao walimnyima mwezi wa tatu. Nyang'au alibaki kanisani.

Basi tuongee juu ya kile kingine.

Mzee mmoja alikuuliza, "Kijana, kama ulijua haya yote, mbona hukuja wakati ule?" Ukasema, "Barua ilinifikia imechelewa." Ukaniangalia.

Okello alikuwa kando yangu. Alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote, naye akaufunga. Unajua kwa nini. Kama watu wangejua kwamba unasema uongo juu ya Jumamosi, wangesema umesema uongo na juu ya kimeta, na Ogeto angerudi kuwa mchawi palepale, mbele ya ndugu zake, na mtoto wangu angebaki bila kwao. Kwa hiyo niliumeza uongo wako mbele ya kanisa lote ili ukweli wa mume wangu usimame. Haujashuka, Gichana. Umekaa hapa kooni, na nimechuma chai siku tatu nikiwa nao.

Sikukuambia alichokuwa akisema Ogeto siku zake za mwisho. Nilikinyima kalamu kwa sababu kilinichoma. Kila nilipokulaani alinikataza. Alisema, "Gichana hakuipata ile barua. Angeipata angekuja." Alikufa akilijua hilo kuwa kweli. Alikuamini kuhusu maksai, akakuamini na kuhusu hilo.

Siwadai ng'ombe, mila haiwarudishi. Lakini mtoto aliye tumboni mwa Elmina, akiwa wa kiume, jina lake ni Ogeto. Akiwa wa kike, utangoja wa kiume. Ng'ombe wa Ogeto ndio waliomleta mama yake nyumbani kwako, kwa hiyo jina ni lake, na hakuna mzee wa kwetu atakayelikataa. Utaliita asubuhi akichelewa kuamka. Utaliita jioni arudi na ndama. Utaliita kwa sauti, wewe uliyenyamaza.

Na ipo siku mtoto atakuuliza, "Baba, huyo Ogeto niliyepewa jina lake alikuwa nani?" Siku hiyo sitakuwepo kukukanyaga mguu. Mwambie yote, na uanzie Jumamosi.

Dada yako,
Yunia